Waenda kwa miguu mmewasahau

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu jiji la Dar es Salaam, waenda kwa miguu umewapita haraka mno. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, Barabara ya Morogoro ilipata njia za miguu na za baiskeli kandokando. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini ingia mtaa wa nyuma uone: njia hakuna, mfuniko wa mtaro umevunjika, bodaboda zimejaa ukingoni, na mama mwenye mtoto mgongoni analazimika kushuka barabarani katikati ya magari. Mvua ikinyesha ndiyo basi tena.

Si kwamba mipango imekosekana: Dar es Salaam ina mipango mikuu tangu ule wa 1949, ukaja wa 1968, kisha wa 1979. Bado watu walijenga katika bonde la Msimbazi lenye mafuriko, kwa sababu viwanja vilivyopimwa havikuwatosha. Kumlaumu mjenzi peke yake si haki.

Naomba wakubwa waanze na kila kituo cha mwendokasi na mitaa inayokizunguka: njia ya miguu, mitaro yenye mifuniko, taa, na miarobaini ya kivuli. Hayo hayasubiri mpango mkuu mwingine.