Mgonjwa Aulizwe Pia Kazi Yake

Susanna Clarke, mtunzi Mwingereza wa riwaya za kifantasia, alichapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 2004. Muda mfupi baadaye alipatwa na ugonjwa wa uchovu sugu. Riwaya ya pili, Piranesi, ilitoka mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikapata tuzo kubwa ya riwaya za wanawake nchini Uingereza. Mhusika wake anaishi katika jumba lisilo na mwisho, mbali na watu. Mtunzi aliyajua maisha ya kufungiwa nyumbani na maradhi.

Ugonjwa huu hauna kipimo cha maabara cha kuuthibitisha, hivyo wengi huitwa wavivu na kuhimizwa wajikaze. Kumbe kujikaza kupita uwezo huuzidisha.

Mhudumu wa afya asiishie kuuliza dalili na dawa. Aulize pia kazi ambayo mgonjwa anatamani kuiendeleza, kisha wapange pamoja kiasi cha kila siku na mapumziko yake. Nawe mgonjwa, itaje kazi hiyo bila haya. Miaka 16 baina ya riwaya mbili si uvivu: haba na haba hujaza kibaba.