Mnamwimba Tracy, lakini mnamsikia?

Wiki hii sina umbeya wa nani kaachana na nani. Nimekuja na gitaa kavu, lile la mbao lisilotaka umeme, na dada mmoja wa Kimarekani ambaye karibu kila mtu mjini anamjua, hata yule asiyejua kwamba anamjua.

Namzungumzia Tracy Chapman, na hasa albamu yake ya kwanza yenye jina lake mwenyewe, ile ya 1988. Siku kadhaa nimezunguka vijiweni, saluni na kwenye daladala nikiuliza swali moja tu: ile albamu wewe unaisikiaje? Jamani! Majibu niliyopata yanatosha kuanzisha chama na kukivunja siku hiyo hiyo.

Kwanza historia kidogo kwa wadogo zangu. Tracy alizaliwa 1964 huko Cleveland, Ohio, akalelewa na mama yake kwa maisha ya kuungaunga. Akiwa chuo kikuu cha Tufts, jirani na Boston, alikuwa anasimama mitaani anapiga gitaa, wapita njia wanamtupia vijisenti. Mwanafunzi mwenzake akamuunganisha na baba yake, mzito kwenye biashara ya muziki, na Aprili 1988 albamu ikatoka. Nyimbo 11, zote kaandika mwenyewe. Alikuwa na miaka 24, yaani rika letu hili hili tunaolala mpaka saa nne asubuhi.

Kilichomtoa hasa ni tamasha la Wembley, London, Juni 11, 1988, la kumpongeza Nelson Mandela kutimiza miaka 70 akiwa bado gerezani. Tracy alishaimba zamu yake mapema, kamaliza. Baadaye Stevie Wonder alipofika, diski ya kinanda chake ikawa haionekani, akashindwa kupanda. Muda hauendi, uwanja umejaa, televisheni za nchi zaidi ya 60 ziko hewani. Wakamrudisha Tracy jukwaani na gitaa lake. Yeye hakuhitaji waya mwingi wala fundi. Akaimba, dunia ikanyamaza kumsikiliza, na albamu ikapanda hadi namba moja Marekani na Uingereza. Mwaka uliofuata akazoa tuzo tatu za Grammy.

Sasa turudi mtaani kwetu.

Kundi la kwanza nililokutana nalo ni la wapenzi. Hawa kwao Tracy ni "Baby Can I Hold You" na basi. Wanauomba redioni usiku, wanawatumia wachumba, na nimeambiwa hata kwenye harusi unapigwa wakati wa keki. Wapenzi wangu, taratibu! Wimbo ule ni wa mtu anayelalamika kwamba mwenzake kila siku neno la kuomba msamaha linamkwama kooni, na miaka inapita. Ni wimbo wa uhusiano unaokufa kwa ubishi. Bibi harusi akilishwa keki kwa wimbo huo, mimi ningekuwa mshenga ningeanza kuulizia mahari inarudishwaje. Lakini dada mmoja wa saluni alinijibu vizuri: huwa anampigia mume wake wimbo huo makusudi, siku akikosa na kujifanya hajui. Huyo kaelewa!

Kundi la pili ni la "Fast Car". Konda mmoja alishikilia kwamba ni wimbo wa gari. Kaka, gari limo, lakini halifiki popote. Ni msichana aliyeacha shule amtunze baba mlevi baada ya mama kuondoka, akatoroka na mpenzi akitafuta maisha, akaishia na kazi ya kaunta dukani na mwanaume anayemaliza jioni baa kuliko nyumbani, kama baba yule yule. Binti mmoja anayeuza duka la nguo Kariakoo aliniambia wimbo huo hausikilizi akiwa kazini, kwa sababu unamjua mno. Sikumuuliza zaidi.

Hapo hapo ukazuka mzozo wa Luke Combs. Huyu ni mzungu wa muziki wa kantri aliyeurudia wimbo huo 2023, ukafika namba 2 Marekani wakati wa mwenyewe uliishia namba 6 mwaka 1988. Wengine wakasema kachukua cha watu. Mimi nasema tuweke hesabu sawa. Jamaa hakubadilisha maneno, hata pale anapojiita binti wa kaunta kaimba hivyo hivyo na ndevu zake. Mwandishi ni Tracy na jasho lake linalipwa. Novemba 2023 akawa mtunzi wa kwanza mweusi kushinda Wimbo wa Mwaka kwenye tuzo za CMA, ambazo ndiyo nyumbani kwa kantri. Februari 2024 wakasimama wote wawili jukwaani kwenye Grammy. Mliomwona mama yule anavyotabasamu mnajua nani alikuwa mwenye nyumba na nani mgeni.

Kundi la tatu ni la wanaopinga. Wanasema albamu inatia usingizi, haichezeki, ukiiweka kwenye sherehe wageni wanaaga. Kuna ukweli hapo, sitawabishia. Ingawa "She's Got Her Ticket" ina mwendo wa rege kabisa. Wanaosema haichezeki wengi wao hawajawahi kufika huko, wanasikia nyimbo mbili wanafunga.

Na kundi la nne? Hili halikuwa kundi, lilikuwa kimya. Niliuweka "Behind the Wall" kwenye simu pale kijiweni. Huo hauna gitaa, hauna chochote, ni sauti ya Tracy peke yake. Jirani anasikia mwanamke anapigwa upande wa pili wa ukuta usiku. Kuita polisi hakusaidii, wanachelewa kama wanakuja, na wakija wanasema mambo ya mke na mume hawayaingilii. Halafu usiku mmoja kelele zinakatika, linakuja gari la wagonjwa, na watu wanaambiwa watawanyike wakalale.

Wabishi wote waliguna. Maana kwetu uswahilini nani asiyeujua ukuta huo? Nyumba ya vyumba sita, dari hakuna, jirani akikohoa unamwambia pole. Kila mtu pale aliwahi kusikia. Na karibu kila mtu alikuwa na sababu yake ya kubaki kitandani.

Mzee mmoja akaleta methali: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Shikamoo mzee wangu, lakini methali hiyo ni ya ugomvi, na ugomvi una watu wawili. Hapa mmoja anapiga, mwingine anapigwa. Hata sheria haimpi nafasi mpigaji: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mtu mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, mila iwe imesema nini. Zaidi ya miaka 50 sasa! Na siku hizi vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa kazi hiyo hiyo, tofauti na polisi wa kwenye wimbo.

Aliyemaliza mjadala ni mama muuza vitumbua. Yeye Kiingereza hajui, tulimtafsiria. Akasema: "Mimi nikisikia nagonga mlango naomba kiberiti." Basi. Hana vita na mtu, haingii kati, anaomba kiberiti. Mwenye nyumba lazima afungue, mkono lazima usimame, na yule dada anajua kuna mtu kasikia. Asubuhi anampitia taratibu, wakikubaliana wanakwenda kwa mjumbe au kituoni.

Nimeuliza watu wengi sana kuhusu albamu hii, wasomi na wasio wasomi, na kwangu mama huyo ndiye aliyeisikia vizuri kuliko wote. Sisi wengine tumeikariri tu.

Haya, zamu yako. Wewe uko kundi gani? La keki, la gari, la usingizi au la kiberiti? Andika, tuma kwa mhariri, barua nzuri nitazileta hapa hapa. Na usiku wa leo ukisikia kitu ng'ambo ya ukuta, kiberiti kimeisha, umesikia?

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.