Mbona Diski Hujitibu Lakini Chipu Hutupwa?

Leo nina kinyongo, na nitakitoa chote. Nina ugomvi na kampuni zinazotengeneza chipu za simu na tarakilishi tunazonunua sisi wananchi wa kawaida. Wanajua jinsi ya kuifanya chipu iendelee kufanya kazi hata sehemu yake moja ikifa. Wanaitumia hila hiyo kiwandani kwa faida yao, kisha wanafunga mlango kabla bidhaa haijakufikia wewe.

Hebu kwanza tutazame diski. Chukua diski ya kawaida, hata iliyokuja na mashine ya ex-UK. Ndani yake kuna nafasi za akiba. Kipande kikiharibika, diski yenyewe hukiweka kando, hutumia cha akiba, na kuandika hesabu. Fundi akifungua ripoti ya SMART anaona vipande vingapi vimehamishwa, anakwambia, "Boss, nakili kazi yako mapema." Mambo haya yapo tangu miaka ya 1990 na hakuna anayeyaona maajabu.

Sasa ingia ndani ya chipu. Siku hizi hata simu ya bei ya chini ina viini vinane vya kuchakata, kichakataji cha picha, cha kamera, cha sauti, na vyote lazima viongee. Mwaka 2001 William Dally na Brian Towles wa Stanford walishauri hivi: badala ya kuvuta waya wa pekee kutoka kila sehemu hadi kila sehemu, jengeni mtandao mdogo ndani ya chipu, wenye ruta na pakiti, kama intaneti. Mwaka 2007 Intel walionyesha chipu ya majaribio yenye viini 80, kila kimoja na ruta yake, vimepangwa kama wavu wa 8 kwa 10.

Wazo zuri sana. Lakini mtandao wowote una nyaya, na nyaya hukatika. Za chipu ni nyembamba mno. Umeme unaopita humo husukuma atomi za chuma kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka waya unakatika. Transista nazo huchoka kwa joto. Na si nyaya tu: mwaka 2021 wahandisi wa Facebook na wa Google walieleza kwamba katika seva zao walikuta viini vinavyotoa majibu ya uongo KIMYA KIMYA. Mfano wa Facebook: 1.1 ikizidishwa mara 53 kwa yenyewe, sehemu nzima ya jibu ni 156. Kiini kimoja kibovu kilijibu 0, bila onyo lolote. Hizo ni chipu zilizokuwa zimeshauzwa na ziko kazini.

Waya mmoja ukikatika, hasara ni kiasi gani? Tupige hesabu. Chukua wavu wa 8 kwa 8, viini 64, viungo 112. Njia rahisi ya kuelekeza pakiti inaitwa XY: nenda kwanza kwa mlalo mpaka safu ya mpokeaji, kisha panda au shuka. Ni rahisi kujenga, inapendwa. Kata kiungo kimoja tu cha mlalo, cha katikati. Safari 256 kati ya 4,032 zinazowezekana kati ya mtumaji na mpokeaji zimekufa! Viungo 111 bado ni vizima, njia ya kuzunguka ipo, lakini pakiti haina ruhusa ya kuifuata. Ni kama dereva anayesimama mbele ya daraja lililovunjika mpaka kesho, kwa sababu aliambiwa apite hapo tu.

Mtu atasema, si iruhusiwe tu kupita popote? Hapana. Aliyewahi kukwama kwenye raundabauti ya Nairobi saa kumi na mbili jioni anajua kwa nini. Kila gari linasubiri la mbele lisogee, la mbele nalo linasubiri jingine, mpaka duara linafungana. Pakiti nazo hufanya hivyo hivyo. Ndiyo maana kuna kona zinazokatazwa. XY hukataza kona 4 kati ya 8. Mwaka 1992 Glass na Ni walionyesha kwamba katika wavu wa namna hii kukataza 2 kunatosha kuzuia mkwamo. Na wavu ukishavunjika-vunjika, kuna mbinu nyingine: ruta huchagua mzizi, hupanga viungo vyote kama mti, na pakiti ikishaanza kushuka hairuhusiwi kupanda tena. Mkwamo hauwezi kutokea, na kila sehemu ambayo bado imeunganishwa inafikika. DEC walitumia mbinu hiyo kwenye mtandao wao wa Autonet karibu na mwaka 1990. Kinachotakiwa ni ruta yenye jedwali linaloweza kuandikwa upya.

Kwa hiyo elimu ipo. Sasa tazama inavyotumika. PlayStation 3 ya mwaka 2006 ilikuwa na chipu ya Cell yenye viini vidogo 8. Kimoja kilizimwa ili chipu zenye kasoro moja zisitupwe. Mwaka 2008 AMD waliuza Phenom X3: viini vitatu, juu ya silikoni ya vinne. Cerebras wanatengeneza chipu moja kubwa kama sahani. Ile ya mwaka 2024 ina viini 900,000, na mtandao wake huzungushwa kando ya kasoro, la sivyo hakuna hata moja ambayo ingeuzika. Na mashine kubwa za IBM zinazoendesha benki zina viini vya akiba vinavyochukua kazi pale kimoja kinapokufa.

Umeona? Hasara ikiwa ya kiwanda, chipu inatibiwa. Mteja akiwa benki, inatibiwa. Mteja akiwa wewe na simu yako, ni "nunua mpya". Fundi wa Luthuli atakubadilishia kioo, betri, hata soketi ya kuchaji. Waya mmoja ndani ya chipu ukifa, hana la kufanya, na mashine inaenda kuongeza mlima wa Dandora.

Najua majibu yao. "Hiyo ni teknolojia ya satelaiti." Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayebadilisha simu kila baada ya miaka miwili haoni haja. Sisi huku tunatumia mashine iliyoanza maisha yake ofisini Uingereza, na tunataka ifike miaka kumi.

"Inaongeza gharama." Kweli, majedwali hula nafasi ya silikoni. Lakini mara nyingi akiba hiyo tayari imo ndani, mmeizima tu kwa fyuzi.

"Wezi wataingilia mtandao wa chipu." Hoja hii ina uzito, siibezi. Basi wekeni kufuli, mabadiliko yapitie programu iliyotiwa sahihi. Mlango wenye kufuli ni tofauti na ukuta.

Ninadai mambo matatu. Moja, chipu iseme vidonda vyake, kama diski inavyosema. Mbili, ijaribu viungo vyake kila inapowashwa, na kujipangia njia upya baada ya kuuzwa, hata kama itapungua kasi. Tatu, sisi waandika programu tupewe maelezo ya kusoma ripoti hiyo. Linux tayari inaweza kuzima kiini kimoja na kuendelea na vingine. Tupeni taarifa, kazi iliyobaki tutaifanya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wanatuuzia ukuta mpya kila mara, huku saruji ya kuziba ufa wameifungia ndani ya kiwanda. Haya, nimesema. Mbunifu wa chipu anayeona nimepotoka, na aje na hoja.