Kabla Umvalishe Mtoi VR Hii Likizo, Skia Story Ya Msee Alikuwa Anauza Hizo Tiketi

Likizo ikifika Nairobi, mathe yeyote akitoka na watoi kwa mall anajua ganji itaenda njia tatu: chips kuku, bouncing castle, na ile kiti inatikisika yenye mtu anafungwa mdude mweusi kwa macho halafu anaanza kupiga nduru kama amekanyagwa na nganya. Leo tunabonga kuhusu hiyo ya tatu. VR. Mwalimu wa Kiswahili atakuambia inaitwa uhalisia pepe, lakini mtaani ni VR tu na tusisumbuane.

Wacha nikiri kitu kwanza. Nilipoachana na chuo (karo ilikataa, na mimi pia nilikuwa nimeanza kukataa), nilishika kazi miezi mitano kwa kibanda kimoja cha hizi vitu. Mall siitaji. Kazi ilikuwa rahisi: pokea soo tatu, chagua gemu, valisha mtu, bonyeza, mshikilie asianguke. Mafunzo yangu yalichukua kama robo saa, na yote yalikuwa ya kuwasha kompyuta na kuangalia kama pesa imeingia kwa till. Hakuna siku hata moja niliambiwa niulize mtoi ako na miaka ngapi. Jirani yetu wa bouncing castle alikuwa na fimbo imechorwa alama ya kupima urefu. Sisi tulikuwa na spika kubwa na bango la zombi.

Jumamosi moja mathe fulani akaleta kijana wake. Alikuwa PP1, najua juu mathe alinishow tukipiga story kwa foleni. Nikamuweka kwa rola-kosta, ile inapanda juu ya majengo marefu halafu inadondoka. Alipiga kelele kidogo, halafu akanyamaza. Nikadhani ameanza kuenjoy. Kumtoa hedseti, mdomo umekuwa mweupe, akatapika kwa kiti, halafu akashika mkono yangu na akakataa kushuka. Akasema chini iko mbali. Chini yenyewe ni tails za mall, futi moja na nusu kutoka kwa miguu yake. Mathe akacheka, mimi nikacheka, bosi akasema nipanguze kiti haraka watu wanangoja.

Wiki kama tatu baadaye mathe akapita tena. Akaniambia wanaishi flati ya tano na tangu ile siku kijana anabebwa kwa ngazi. Akifika pale pa kugeukia anafunga macho. Hapo sikucheka. Hapo ndio nilianza kusoma hii kitu vizuri, usiku, na bando yangu mwenyewe.

Kutapika ndio rahisi kueleza. Ndani ya sikio lako kuna kifaa cha mwili chenye kinapima kama unasonga ama umetulia. Kwa rola-kosta ya VR, macho yanaambia akili tunadondoka, sikio linasema sisi tumekaa kwa kiti. Akili inachanganyikiwa na tumbo ndio linalipa. Watu wazima pia hupata, mimi mwenyewe nilipata siku ya kwanza.

Sasa hiyo ya ngazi ndio nzito. Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwenye maabara ya Jeremy Bailenson, walichukua watoto wadogo na kuwaonyesha kwa VR wao wenyewe wakiogelea na nyangumi. Siku kadhaa baadaye wakawauliza. Kuna watoto wa shule ya msingi walikuwa wanakumbuka kabisa kwamba waliogelea na nyangumi, yaani ilitokea, si ati waliona. Fikiria hiyo. Mtu mzima akitoa hedseti anajua ilikuwa gemu. Mtoi wa miaka mitano hana huo mpaka vizuri bado. So kijana wa PP1 kwa kichwa yake hakucheza gemu. Kwa kichwa yake mimi nilimpandisha juu ya jengo la ghorofa hamsini na nikamwachilia.

Na kabla uanze kusema mimi ni mjinga sikusoma maagizo, maagizo yako. Sony walisema PlayStation VR ni ya miaka 12 kwenda juu. Apple Vision Pro, ile ya dola 3,499 yenye wewe na mimi tutaiona kwa TikTok tu, ni 13. Meta, wenye hizi Quest ndio zimejaa kila mahali, walikuwa na 13 pia, halafu 2023 wakashusha hadi 10, bora mzazi ndiye anafungua na kusimamia hiyo akaunti.

Lakini jiulize mbona 13. Kuna daktari alipima macho ya watoi akapata yanaiva wakifika 13? Zii. Hiyo 13 ni nambari ile ile ya sheria ya Marekani ya 1998, yenye inakataza kampuni kukusanya data ya mtoto chini ya miaka 13 bila ruhusa ya mzazi. Ndio maana hata Facebook na Instagram ni 13. Ni nambari ya mawakili. Na iliposhuka ikawa 10, macho ya watoi hayakuwa yamebadilika. Kilichobadilika ni mpango wa mzazi kuruhusu, na, kwa maoni yangu, kampuni kugundua kwamba wateja wao wengi tayari ni watoi wanadanganya umri. So hiyo nambari kwa boksi isikupatie usingizi, na pia isikupatie presha. Inakuambia sheria inasema nini, haikuambii kichwa cha mtoi wako kiko wapi.

Tukija kwa macho, nataka niwe fea. Ile story ya mtaani eti VR inapofusha, hapana. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani kimesema hakuna ushahidi kwamba hizi vitu zinaharibu macho ya watoto kabisa kabisa. Kile kipo ni uchovu, kichwa kuuma, kuona mawili mawili kwa muda. Sababu ni hii: kwa maisha ya kawaida kitu kikikujia karibu, macho mawili yanajipinda kuelekea pua, na lenzi ya ndani ya jicho inajirekebisha kukiona vizuri. Hizo kazi mbili huenda pamoja. Kwa VR zombi akikusogelea macho yanajipinda, lakini skrini haijasonga hata nchi moja, so lenzi inabaki pale pale. Jicho linapewa amri mbili kwa wakati mmoja.

Ongeza kwamba kichwa cha mtoi ni kidogo. Quest 2 na Quest 3S zina nafasi tatu tu za kupanga lenzi: milimita 58, 63 na 68. Huo ni umbali kati ya mboni na mboni. Watoi wengi wadogo hawajafika hata 58, so hata ukiweka ya mwisho kabisa picha inakaa visivyo. Halafu uzito. Quest 2 ni gramu 503. Chukua pakiti ya sukari ya nusu kilo, ifunge kwa uso wa mtoi wa miaka mitano, mwambie aangalie juu na chini dakika ishirini. Shingo ndio itakujibu.

Uchafu sasa. Hapa naongea kama shahidi. Wikendi moja hedseti moja inavaliwa na vichwa zaidi ya sabini. Jasho, mafuta ya nywele, meikap, mafua. Sisi tulikuwa tunapanguza tukikumbuka, na kitambaa kilikuwa kimoja. Ile sponji inakaa kwa uso inanyonya kila kitu. Watu wa Mombasa, Kilifi na Lamu mnakumbuka ile red eye ya mwanzo wa 2024, vile ilitembea. Sasa imagine mtoi mmoja mwenye macho mekundu amepitia kwa kibanda saa nne asubuhi. Hata bila mgonjwa, hiyo sponji yenyewe ilishaleta noma: 2021 kampuni ililazimika kutoa kifuniko kipya cha sponji za Quest 2, karibu milioni 4 Marekani pekee, juu watu walikuwa wanapata vipele usoni.

Hiyo yote ni ya mall. Kuna VR ingine, ile kuzo wa majuu anakuja nayo Disemba kama zawadi. Hiyo ndio inanitisha zaidi, juu kwa mall angalau kuna msee kama mimi amesimama hapo, hata kama hajui kitu. Nyumbani mtoi amefunikwa macho na masikio, na wewe huoni chenye anaona. Simu unaweza kuchungulia. Hii huwezi.

Na ndani kuna watu. Gemu kama Gorilla Tag zinachezwa na sauti, mtoi wako anabonga moja kwa moja na mtu hamjui, nchi hamjui, umri hamjui. Januari 2024 iliripotiwa kwamba polisi wa Uingereza wanachunguza kesi ya msichana chini ya miaka 16 ambaye katuni yake ilivamiwa na kundi la wanaume ndani ya VR. Kuna watu walicheka eti si azime tu mashine. Rudi kwa nyangumi wa Stanford halafu uniambie kama bado ni ya kucheka. Septemba 2025 waliokuwa watafiti wa Meta, Jason Sattizahn na Cayce Savage, waliketi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani wakasema kampuni ilikuwa inazima utafiti uliokuwa unaonyesha watoto wanapata madhara kwa VR. Meta walikana. Mimi si jaji, lakini kati ya mtu anauza na mtu alikuwa jikoni, najua nani namskiza kwanza.

Si Kenya iko na sheria? Iko. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema data ya mtoto haiguswi bila idhini ya mzazi, na 2023 shule moja ya Uthiru ilipigwa faini ya zaidi ya milioni 4.5 kwa kuposti picha za watoto bila kuuliza wazazi. Mamlaka ya Mawasiliano nayo ilitoa miongozo ya kulinda watoto mtandaoni 2025. Poa sana. Lakini hiyo inaongea na makampuni ya mitandao. Msee wa kibanda na hedseti mbili na jenereta haimjui, na yeye haijui. Anachohitaji ni leseni ya kaunti. Na data yenyewe si mchezo: hedseti za bei ya juu zinafuata macho yako yanaangalia wapi. Tulishaona 2023 pale KICC watu wamepiga foleni kupigwa picha ya macho na Worldcoin juu ya kama thao saba, hadi serikali ikasimamisha. Hao walikuwa watu wazima.

Sasa ufanye nini, juu najua mtoi atalia. Chini ya miaka saba mimi namwambia mzazi apite na kibanda, ampeleke kwa bouncing castle. Akiwa mkubwa kidogo na umeamua, wewe vaa kwanza uone gemu yenyewe. Kataa rola-kosta na zombi. Kila kibanda kiko na ya baharini ama ya wanyama, hawaiweki juu tu haivutii watu. Aketi, asisimame. Dakika tano hadi kumi. Shika mkono wake na uongee naye akiwa ndani, na akinyamaza ghafla toa hiyo kitu, usingoje tiketi iishe. Kama huwa anapata kifafa, hapana kabisa, juu mwanga wa kuwakawaka unaweza kumuamsha. Beba wipes zako. Msee akikasirika ukipanguza, ondoka.

Nyumbani, fungua akaunti ya mtoto yenye unasimamia wewe, si ile umedanganya mwaka. Zima sauti za watu hawajui. Rusha picha kwa TV ama simu yako uone anachoona. Na nafasi, jameni. Wanaopima wanasema angalau mita mbili kwa mbili bila kitu. Sisi tunaishi keja ya futi kumi kwa kumi na ndani kuna kitanda, TV, mtungi wa gesi na ndoo za maji. Mtoi akirusha ngumi hapo lazima kitu kiende. Uingereza, kampuni ya bima ya Aviva ilisema madai ya vitu vilivyovunjwa na watu wa VR yalipanda asilimia 31 mwaka wa 2021. Wewe huna bima ya TV. Na usiache hedseti kwa dirisha, jua la saa saba likipita kwa hizo lenzi linachoma skrini.

Yule kijana nilimuona mara ya mwisho mwezi wa nne. Siku hizi anapanda ngazi mwenyewe, mathe anasema, lakini ameshika ukuta.

Wiki iliyopita bosi wangu wa zamani alinitext. Anataka watu wa Disemba, tiketi sasa ni soo nne, na ameongeza hedseti mbili. Nikamuuliza kama ameweka fimbo ya kupima. Akajibu na emoji tatu za kucheka, halafu akaniuliza niko free kuanzia tarehe ngapi.