Pelagius hakukana neema

Kumwita Pelagius mtu aliyekana neema ya Mungu ni kumwonea. Mtawa huyo wa Britania aliishi Roma, akawakuta Wakristo wanatenda maovu kisha wanasingizia udhaifu wa mwili. Alipomsikia askofu mmoja akitaja sala ya Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, inayomwomba Mungu ampe mtu nguvu ya kutii anachoamriwa, alipandwa na hasira palepale. Kwake, amri isiyotekelezeka ingemfanya Mungu kuwa dhalimu.

Augustino naye hakuwa akiropoka. Katika kitabu chake, Maungamo, anasimulia alivyoiba mapeasi akiwa na miaka 16: hakuwa na njaa, na mengi yaliishia kwa nguruwe. Aliiba kwa sababu wizi wenyewe ulimnogea. Kwa mtu wa namna hiyo, kuhimizwa tu ajitahidi hakutoshi.

Kesi ya Pelagius kanisani iliyumba. Mwaka 415 sinodi ya Diospolis, Palestina, ilimwachia Pelagius. Mwaka 418 mtaguso wa Karthago ukalaani mafundisho yake. Papa Zosimus, aliyeelekea kumtetea mwaka mmoja kabla, akageuka.

Fundo lilibaki kwa mtoto mchanga: kama hazaliwi na hatia ya Adamu, anabatizwa ya nini? Augustino alishikilia kwamba asiyebatizwa hukosa wokovu, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote. Julian, askofu wa Eclanum huko Italia, aligoma: Mungu mwenye haki hamhukumu kichanga kwa kosa la Adamu. Augustino alifariki mwaka 430 kabla hajamaliza kumjibu, na hadi leo Waorthodoksi hufundisha kwamba wanadamu walirithi kifo kutoka kwa Adamu, si hatia yake.