Kahawa ya Baraza na Haki ya Njia



Mama zangu na dada zangu wasomaji, mtaniwia radhi wiki hii niitetee kahawa kidogo kabla ya kuwatetea nyinyi. Kuna mama mmoja aliyemtuma mke wangu aniulize: kuna nini katika kikombe kisichojaa hata kiganja cha mtoto, hata mwanamume mzima atoke nyumbani baada ya Maghrib asirejee mpaka watoto wamekwisha lala? Swali ni la haki, na aliniuliza mimi akijua kwamba nami ni mtu wa papo hapo. Katika baraza letu la Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nimekunywa kahawa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Si mkahawa wenye meza na kiyoyozi. Ni mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana katika njia nyembamba, dele la shaba juu ya makaa, ndoo ya kuoshea vikombe, na sinia ya kashata. Kahawa yenyewe ni chungu, imetiwa tangawizi, na hunywewa vikombe viwili vitatu kwa tende au kipande cha kashata. (Wako wanaoitia sukari, hao nawaachia Mola wao.)

Nalipenda baraza hilo, wala sioni haya kulisema. Mchukuzi wa Marikiti huketi ubavuni mwa wakili, na zamu ya kikombe ni moja. Tena hapo ndipo mtaa unapohesabiana. Mzee asipoonekana siku mbili, ya tatu hutumwa kijana akambishie hodi, na mara nyingine hukutwa ana homa, hana wa kumpeleka hospitali. Mchango wa sanda, wa karo ya yatima, wa nauli ya mgonjwa kwenda Nairobi, yote nimeiona ikikusanywa hapo kabla dele halijapoa. Wajane wa mtaa wanayajua hayo, ijapokuwa hawajapata kuketi hapo.

Wala kahawa si ngeni kwa watu wa dini. Katika karne ya 15 ya Miladia masufi wa Yemen waliinywa ili wakeshe katika dhikri, na kupitia bandari ya Mokha ikaenea duniani. Mwaka 1511 Khair Beg, msimamizi wa mji wa Makka, aliipiga marufuku. Haikuchukua muda amri ikalegezwa kutoka Cairo. Ukiisoma khabari ile utaona kwamba lililowatia watu wasiwasi halikuwa buni peke yake, bali pia vile vikao na yaliyokuwa yakitendeka humo. Katika hilo hawakukosea sana.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha Swahaba wasiketi njiani. Wakamweleza kwamba hapo ndipo penye vikao vyao vya kuzungumza. Hakuwafukuza, aliwapa sharti, nalo ni kuipa njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitika salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hadithi hii husomwa mara nyingi, lakini sijui kama sisi wa barazani hujiona kuwa ndio tunaoambiwa. Msichana atokaye madrasa, akilazimika kupita kati ya safu mbili za wanaume, huharakisha hatua na kujivutia buibui lake. Mwengine huzunguka kichochoro cha nyuma, penye giza, ili asipite mbele yetu. Huo ndio udhia, hata kama hapana aliyefungua mdomo. Na mdomo ukifunguka, talaka ya fulani ikafanywa kitafunio cha kahawa, basi kile kinachotafunwa si kashata tena, ni nyama ya ndugu aliyekufa.

Nililitaja jambo hili barazani. Wawili walinuna. Wengine tumekubaliana kuketi upande mmoja tu wa njia, ili mpitaji asikatize baina yetu.

Na saa je? Abu Barza (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Wanavyuoni wameyatoa humo mazungumzo ya elimu, ya mgeni, na ya mtu na ahli zake. Angalieni vizuri: mume aliye barazani saa nne usiku akijadili mpira wa Uingereza hayumo katika hao waliotolewa, mume anayezungumza na mkewe yumo. Rai yangu ni kwamba kahawa ya Alasiri, mpaka adhana ya Maghrib, haimpunguzii mke wala mtoto. Usiku, mtoto mwenye kazi ya shule humhitaji baba yake kuliko baraza linavyomhitaji. Nanyi dada zangu, msimkataze kabisa. Mwanamume asiye na wenzake wa kuketi nao huzeeka vibaya, na nyinyi ndio mtakaomuuguza.

Muuzaji wetu huzima makaa saa tatu unusu. Mume atakayeshikwa na hamu baada ya hapo, tangawizi inauzwa kila duka; aketi na mkewe ukumbini, na kahawa aipike yeye.