Darsa Ifikayo Nyamira



Dada zetu walioko Kisii na Nyamira wameniuliza jambo ambalo naona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Wao wametawanyika baina ya mji wa Kisii, Keroka na vilima vya chai vya Nyamira, ilhali darsa ya akina mama husomwa mjini. Mwenye mtoto mgongoni, na mvua ya alasiri ya nyanda zile, hawezi kupanda matatu kila juma. Wanataka darsa iwafikie majumbani kwa simu, mubashara. Wameongeza sharti: sura na sauti zao zisizagae kwa walimwengu.

Haja hii si ya jana. Mwezi wa Machi 2020 nyumba za ibada zilipofungwa kwa ajili ya korona, wengi walijifunza kurusha mawaidha kwa haraka haraka. Hata zilipofunguliwa Julai, waliruhusiwa watu wasiozidi 100 kwa saa moja, na madrasa zikabaki zimefungwa. Simu iliegemezwa kwenye chupa, na darsa likarushwa kwenye ukurasa wa mtu, wazi kwa kila apitaye. Kwa hotuba ya Ijumaa hilo halina taabu. Kwa kikao cha wanawake kinachozungumzia hedhi, talaka na malezi, taabu ipo.

Ndipo ninapopendekeza programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi, kila mtu aweza kuzichukua, kuzitumia na kuzirekebisha bila ya kulipa. Mitandao mikubwa nayo haitozi pesa, lakini hujilipa kwa matangazo ya biashara na kwa kukusanya habari za watazamaji. Tofauti hiyo mama wa nyumba aijue.

Ya kwanza ni OBS Studio, iliyoanza mwaka 2012 na inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukiifungua mara ya kwanza hujitolea kupima kompyuta yako na kujipangia, iachie. Kisha tengeneza mandhari moja, na ndani yake uongeze vyanzo viwili tu: kamera na kipaza sauti. Vijana wetu hupenda kujaza nembo na maandishi yanayotembea, waambieni wangoje. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, ila sauti ikikatika huondoka. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo kina faida kuliko kamera ya ghali. Mwalimu azungumze kama kawaida yake, nanyi mtazame kipimo cha sauti: kikigusa rangi nyekundu, punguzeni.

Sasa hesabu ya bando, na hapa ndipo familia huumia. Picha ya 720 ikirushwa kwa kilobiti 2,500 kwa sekunde humla msikilizaji takriban gigabaiti 1.1 kwa saa. Ikipunguzwa hadi picha ndogo ya kilobiti 600, hutumia megabaiti 270. Sauti tupu ya kilobiti 64 ni megabaiti 29 tu. Mimi ningewarushia mama wa Nyamira sauti peke yake, isipokuwa pale ambapo mwalimu anaonyesha jambo la kutazamwa, kama namna ya kutayammamu au kukafini. Kwa sauti tupu ziko programu mbili huria: BUTT huituma kutoka kwenye kompyuta, na Icecast huipokea kwenye seva na kuigawa kwa wasikilizaji.

Mkitaka picha, yuko Owncast, ambayo ni kama kituo chenu wenyewe cha matangazo. Husimikwa kwenye seva ya kukodi, wala si kwenye kompyuta ya msikitini, kwa sababu akina mama 30 wakitazama kwa kilobiti 600 kila mmoja, laini yenu itatakiwa kutoa megabiti 18 kwa mkupuo. Katika OBS, fungua mipangilio ya urushaji, chagua huduma ya kujiwekea mwenyewe, andika anwani ya seva na ufunguo wa kurushia. Zingatieni sana: Owncast huja na nenosiri la abc123, na dunia nzima yalijua. Libadilisheni kabla ya jambo lolote lingine.

Hata hivyo, Owncast haimwombi mtazamaji nenosiri. Mwenye anwani huingia. Basi yafaa kwa mawaidha ya wote. Kwa kikao cha siri cha wanawake bora ni Jitsi Meet, nayo ni huria, ambayo ina nenosiri la chumba na ukumbi wa kungojea ambapo msimamizi hutambua jina moja moja kabla ya kufungua mlango. Tangu Agosti 2023, anayefungua chumba kwenye seva yao ya umma ni lazima ajitambulishe kwa akaunti ya Google, Facebook au GitHub. Wanaoalikwa hawadaiwi hilo. Awekwe mwanamke kuwa msimamizi, si kijana wa kiume mjuzi wa mitambo. Na ifahamike kuwa hakuna programu izuiayo mtu kupiga picha kioo cha simu yake kwa simu nyingine; hapo mnategemea amana baina yenu.

Ama watoto, sheria imeshasema. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Kamera ielekezwe kwa mwalimu na ukutani, na mzazi aulizwe kwanza.

Lililobaki ni radi za Kisii. Tumieni laptopu yenye betri nzima, chomoeni waya wa umeme mawingu yakikusanyika, na mrushe kwa bando la simu. Bonyezeni pia kitufe cha kurekodi, na rekodi ihifadhiwe kwa mfumo wa MKV: MP4 ya kawaida ikikatizwa katikati huharibika yote, ilhali MKV hubakiza yaliyokwisha kusemwa. Mama aliyekosa mtandao huko Nyamira atatumiwa kesho yake.